Vimeng'enya Vinavyozima Jeni: Nafasi Yake katika Saratani za Njia ya Chakula

Daktari wa maabara amepokea kipande cha uvimbe uliotolewa kwenye utumbo mpana. Anakitia rangi ya kutafuta protini nne zinazorekebisha makosa ya vinasaba, na moja kati ya hizo, MLH1, haionekani. Hapo mambo mawili yanawezekana. Huenda mgonjwa amerithi jeni yenye kasoro, hali iitwayo ugonjwa wa Lynch, na watoto na ndugu zake nao inabidi wapimwe. Au jeni aliyozaliwa nayo ni nzima, ila ndani ya uvimbe imezimwa, na kwa upande huo watoto hawana la kuogopa. Rangi peke yake haimalizi shauri. Linamalizwa na alama ndogo ya kikemikali iliyobandikwa na kimeng'enya.

Hoja ya makala hii ni kwamba, katika saratani za umio, tumbo, ini na utumbo, vimeng'enya vya namna hiyo hadi sasa vimewafaa wagonjwa zaidi kwa alama vinazoacha kuliko kwa dawa za kuvizuia. Dawa ndizo zilizovuma.

Seli ya ini na seli ya utumbo zina vinasaba vilevile. Tofauti yao ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa, mithili ya nakala mbili za kitabu kimoja, kila moja ikiwa imegundishwa kurasa zake. Vimeng'enya vya kundi la DNMT hubandika kwenye vinasaba alama ya kikemikali iitwayo methili: DNMT3A na DNMT3B huanzisha alama mpya, na DNMT1 huzinakili kila seli inapogawanyika. Vya kundi la TET huanzisha kazi ya kuziondoa. Vinasaba navyo vimezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Kuna vimeng'enya vinavyoziwekea asetili ili zilegee. Vimeng'enya vya kundi la HDAC huibandua, zikakaza tena. EZH2 hupachika methili kwenye histoni H3, na jeni iliyo jirani hunyamaza. Katika yote hayo hakuna herufi hata moja ya vinasaba inayobadilika, ndiyo maana kazi hiyo, kwa nadharia, inaweza kutenguliwa.

Mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein wa Johns Hopkins, Baltimore, walilinganisha uvimbe wa utumbo mpana na nyama nzima iliyokuwa kando yake, wakakuta methili imepungua. Baadaye upande wa pili ulijitokeza: vinasaba kwa jumla hupoteza methili, huku milango ya jeni za ulinzi, yaani sehemu ambako usomaji wa jeni huanzia, ikijazwa. Mwaka 1999 Minoru Toyota, Jean-Pierre Issa na wenzao walieleza kundi la saratani za utumbo mpana ambamo milango mingi hufungwa kwa mkupuo. Mlango wa MLH1 mara nyingi ni mmojawapo. Takriban asilimia 15 ya saratani hizo zina hitilafu ya urekebishaji, na nyingi kati yake hazikurithiwa. MLH1 ilizimwa tu.

Tumboni, mchochezi anajulikana. Bakteria Helicobacter pylori aliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994. Kundi la Toshikazu Ushijima wa Tokyo lilionyesha kwamba utando wa tumbo lenye bakteria huyo hujaa methili hata kabla ya saratani kutokea. Mchochezi wa pili ana historia ya Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alitoa mhadhara London mwaka 1961 kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji, akaomba sampuli, na mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikatangazwa. Nusu karne baadaye, mradi wa Marekani wa kuchunguza vinasaba vya saratani, TCGA, ulivikuta katika takriban asilimia 9 ya saratani za tumbo ulizozichunguza, na hizo zilikuwa na milango iliyojaa methili kuliko saratani yoyote ambayo mradi ulikuwa umeripoti hadi hapo.

Burkitt huyohuyo aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu vijijini Afrika kwa sababu ya chakula chenye nyuzinyuzi. Bakteria wa utumbo huzichachua nyuzinyuzi na kutoa butireti, kitu kinachoizuia HDAC. Seli ya utumbo yenye afya huitumia butireti kama kuni. Seli ya saratani hupendelea sukari, kwa hiyo butireti hurundikana ndani yake na kuibana HDAC. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake waliwabadilishia chakula kwa wiki 2 Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, kila kundi likila chakula cha jingine. Butireti ilipanda kwa Wamarekani na kushuka kwa wenzao. Hilo halitoshi kuuza unga wa dona kama kinga ya saratani, maana vilivyopimwa ni viashiria tu.

Na dawa? Azasitidini iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, lakini kwa magonjwa ya uboho. Kwenye uvimbe wa njia ya chakula imekatisha tamaa: hufanya kazi pale tu seli inapogawanyika, huharibika upesi mwilini, na hufuta alama bila kuchagua. Iliyofika mbali ni ivosidenibu, iliyoidhinishwa Agosti 2021 kwa saratani ya mirija ya nyongo yenye IDH1 iliyobadilika, kimeng'enya ambacho zao lake huzikwamisha TET. Katika jaribio lake ugonjwa ulidhibitiwa kwa miezi 2.7, dhidi ya 1.4 kwa dawa bandia. Ni faida, ila ndogo.

Alama zimetangulia: kipimo cha choo cha saratani ya utumbo mpana, kinachosoma methili kwenye jeni za NDRG4 na BMP3, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2014, na cha damu kinachosoma SEPT9 mwaka 2016. Havikutengenezwa kwa ajili ya saratani ya umio inayosumbua ukanda wa Ethiopia hadi Malawi, ambayo Bomet, Kenya, huwakuta hata vijana wasiofika miaka 30. Kinachoweza kuanza mapema zaidi Afrika Mashariki ni kipimo cha mlango wa MLH1, kinachohitaji kemikali ya sodiamu bisulfiti na mashine ya PCR. Kabla ya mashine kuna chumba cha upasuaji: kipande kilichosahauliwa kwenye fomalini kwa wiki kadhaa huwa na vinasaba vilivyokatikakatika, na hakuna maabara itakayosoma alama juu yake.