Ziwa Moja, Hesabu Moja



Tukisimama Mwaloni Kirumba alfajiri, mitumbwi inapotua, hatuoni mpaka wowote juu ya maji. Hata hivyo mipaka ipo: karibu nusu ya Ziwa Victoria ni ya Tanzania, Uganda ina asilimia ipatayo 43, na Kenya asilimia 6. Sangara hajui mipaka hiyo. Kwa hiyo hesabu ya nchi moja, hata ikiwa sahihi, haitoshi kutueleza hali ya ziwa.

Ndiyo maana mwaka 1994, huko Kisumu, nchi hizo tatu zilitia sahihi mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Tangu mwaka 2000 zimekuwa zikifanya sensa za pamoja: mialo, wavuvi, mitumbwi, injini na nyavu huhesabiwa kwa utaratibu mmoja. Watafiti nao hupita ziwani na vyombo vinavyopeleka mawimbi ya sauti majini ili kukadiria wingi wa samaki. Hupima pia joto la maji na oksijeni. Maana samaki hufa akikosa hewa. Na mbolea na maji machafu yatokayo nchi kavu hustawisha mwani, ambao ukioza huimaliza hewa hiyo.

Lakini hesabu hizo huanzia wapi? Huanzia kwetu, mwaloni. Mwenye kokoro akilificha siku ya sensa, au mwenye mitumbwi mitano akitaja miwili kwa kuhofia kodi, hesabu ya nchi tatu huharibika. Tusimlaumu upesi: ni mara ngapi tumehesabiwa, na majibu hatukuyaona? Hata hivyo uongo huo humdhulumu jirani wa Ukerewe, wa Kalangala na wa Homa Bay, pamoja na watoto watakaozaliwa.

Basi tuhimizane mambo mawili. Kwanza, tuseme kweli mbele ya karani wa sensa. Pili, tudai kwa heshima kwamba matokeo yarudi kwetu: yabandikwe mwaloni kwa Kiswahili chepesi, na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi wayasome mkutanoni. Kumwambia mvuvi apumzishe nyavu bila kumwonyesha hesabu ni kumtwisha mzigo gizani. Hiyo si haki; na pasipo haki, amani ziwani haitadumu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:
1. Je, ni nani mwaloni kwetu aliyewahi kuyaona matokeo ya sensa ya uvuvi?
2. Hofu gani hutuzuia kusema kweli, na tutaiondoaje pamoja?