Mchoraji Naye ni Mtunzi



Nimeombwa niseme machache kuhusu wachoraji wa vitabu vya watoto. Nitamsema mmoja tu: Wanda Gág, aliyezaliwa mwaka 1893 New Ulm, Minnesota, Marekani, katika familia yenye asili ya Bohemia. Baba yake, mchoraji, alifariki mwaka 1908. Binti wa miaka 15 akabaki na mama mgonjwa, wadogo sita, na wosia wa baba kwamba aimalize kazi ambayo yeye hakuiweza. Majirani walimshauri aache shule akauze dukani. Alikataa katakata. Akauza michoro na hadithi gazetini, baadaye akafundisha shule ya kijijini, akishikilia kwamba wadogo zake wote lazima wamalize sekondari.

Mwaka 1917 alipata ufadhili wa kusomea uchoraji New York, na mwaka 1928 akatoa *Millions of Cats*. Watoto, sikilizeni. Bibi na babu wanataka paka mmoja wa kuwaliwaza. Babu anaondoka kumtafuta, anarudi na mamilioni! Gág alizichukua kurasa mbili zinazotazamana akazifanya uwanja mmoja: babu anakata vilima, msururu wa paka nyuma yake ukipinda kutoka ukurasa huu hadi ule, na maneno yakijipenyeza palipobaki nafasi. Rangi hakuna, ni wino mweusi mtupu. Hata herufi ziliandikwa kwa mkono na mdogo wake, Howard.

Mwaka 1929 kitabu hicho kilitajwa kwa heshima katika tuzo ya Newbery, na hiyo, jamani, ni tuzo ya fasihi. Ile ya Caldecott, ya vitabu vya picha, ilikuwa haijaanzishwa. Gág alifariki mwaka 1946. Paka wake wanachapishwa mpaka leo.

Sasa nawageukia wachapishaji, na msininunie. Vitabu vingi vya watoto ninavyovishika, jina la mchoraji limefichwa ndani kwa herufi za sisimizi. Analipwa mara moja, basi, mrabaha haumhusu. Najua karatasi ni ghali, mmeshanieleza wakati wa chai. Lakini jina kwenye jalada halina bei. Tuanzie hapo, kisha tukae tuzungumze mrabaha.

Kwa hayo machache, natamka kwamba maonyesho haya ya vitabu vya watoto yamefunguliwa rasmi. Watoto waingie kwanza; wakubwa tusubiri.