Mazungumzo ya Elimu ya Watu Wazima: Moto Unapozuka Mjini

Leo twazungumza habari za Zimamoto, na hasa jambo moja: yatupasa kufanya nini katika zile dakika chache kabla gari lao halijafika?

Kwanza tuwajue hao tunaowaita. Zamani kazi ya kuzima moto katika miji ya Tanzania ilikuwa hasa mikononi mwa halmashauri za miji. Sheria ya mwaka 2007 ilileta Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji, nalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Lisikilizeni vema jina hilo: zimamoto, na uokoaji. Askari hawa huitwa pia mtu akinaswa katika gari lililopinduka, akitumbukia kisimani, au akizingirwa na mafuriko. Namba yao ya simu ni 114. Mfundishe mtoto wako namba hiyo, na umfundishe pia kwamba si ya kuchezea.

Sasa tuje kwenye lalamiko tunalolisikia kila mara: “Zimamoto wamekuja bila maji!” Hebu chukueni kalamu tufanye hesabu. Tuseme gari limefika na lita 4,000, na mpira mmoja unatoa lita 400 kwa dakika. Gawanya: maji yatakwisha kwa dakika 10. Wakifungua mipira miwili, ni dakika 5 tu. Gari halibebi bahari. Watu wakiliona linaondoka kwenda kuteka maji mengine, hudhani lilikuja tupu.

Kwa sababu hiyo yako mabomba ya zimamoto kando ya baadhi ya barabara, ili gari liunganishe mpira na kuendelea na kazi. Lakini bomba likijengewa kibanda juu yake, au likifunikwa na takataka, litamfaa nani? Na kichochoro kikizibwa kwa meza za biashara, gari litapita wapi? Anayeziba njia leo huenda kesho ikawa nyumba yake ndiyo inayoungua.

Basi, moto ukizuka, watoeni watu nje na pigeni simu mara moja. Msingoje mpaka ndoo zimeshindwa. Taja mtaa, kisha alama inayojulikana, kama vile shule, msikiti, kanisa au kituo cha basi. Sema ni kitu gani kinachoungua, na kama wamo watu ndani. Usikate simu kabla hujaambiwa. Halafu mtume mtu mmoja akasimame barabara kuu, awaongoze askari.

Kumbukeni kwamba moto huishi kwa vitu vitatu: joto, hewa, na kitu cha kuungua. Kiondoe kimoja, nao utakufa. Mafuta yakiwaka katika kikaango, zima jiko, kifunike kikaango kwa mfuniko, na ukiache kipoe. Usimwagie maji kamwe! Maji ni mazito kuliko mafuta. Yatazama chini, yatageuka mvuke kwa ghafula, na kuyarusha mafuta yanayowaka hata usoni pako. Chumba kikijaa moshi, inama utambae, kwa maana hewa nzuri hubaki karibu na sakafu. Moshi huua hata mahali ambapo ndimi za moto hazijafika. Na ukiisha kutoka, usirudi kuchukua godoro wala redio.

Kuhusu petroli, twawakumbuka wenzetu wa Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu. Watu wakakusanyika, wengine wakachota mafuta yaliyomwagika. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mvuke wa petroli hauonekani, nao hutambaa chini mbali na pale mafuta yalipo. Cheche moja yatosha. Dumu la petroli ya bure lina thamani gani mbele ya roho ya mtu? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ukiona lori limepinduka, kaa mbali, wazuie watoto, na upige 114.

Ndugu zangu, askari wa zimamoto huja kuimaliza kazi ambayo sisi majirani tumekwisha kuianza, ama vema ama vibaya.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Gari la zimamoto laweza kupita mtaani kwenu? Kama haliwezi, ni nini kinachozuia?
2. Bomba la zimamoto lililo karibu nanyi liko wapi?
3. Kama gari lina lita 6,000, na mipira mitatu inatoa lita 400 kila mmoja kwa dakika, maji yatakwisha baada ya dakika ngapi?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.