Karibuni Mwanza, mpitie Kigongo kwanza

Msikilizaji, nina ombi kwa wanaoandaa mikutano ya wataalamu wa kompyuta hapa nchini. Mkipanga mkutano wa uandishi wa programu kwa mtindo wa objekti, uleteni Mwanza. Tutawapokea wageni wenu kwa mikono miwili, tutawalisha sato, tutawaonyesha mawe yetu ya Bismarck. Ila kabla hawajaingia ukumbini, wapelekeni Kigongo.

Kigongo tunaifahamu kwa foleni. Kwa miaka mingi mtu wa kwenda Sengerema au Geita alifika pale akasubiri kivuko cha kumvusha hadi Busisi: malori ya mizigo, mabasi, magari madogo, wagonjwa ndani ya ambulensi, wote ukingoni mwa maji. Tangu tarehe 19 Juni 2025 tunapita juu ya daraja la kilomita 3, na kusubiri kumekwisha. Sasa mgeni wetu atauliza, hayo yananihusu nini mimi mwandishi wa programu? Yanamhusu, kwa sababu mtindo huo wa objekti ulianza kwa watu waliokaa wakaitafakari foleni.

Miaka ya 1960, huko Oslo, Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa wakitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Simula. Walitaka kompyuta iige shughuli za kweli: kiwanda, bandari, watu wanaongoja huduma. Mmoja wa mifano waliyoisumbukia ni kibanda cha ushuru darajani, na magari yamepanga mstari. Lori lina tani zake, basi lina abiria wake. Hata hivyo yote mawili hufika, husubiri, hulipa, huondoka. Je, uandike maelekezo yaleyale mara mbili? Jibu lao lilikuwa kuandika mara moja yale ambayo magari yote yanashiriki, wakayaita klasi, kisha lori na basi kila moja likarithi hayo na kuongeza yake. Mei 1967 waliliwasilisha wazo hilo mbele ya wenzao kwenye mkutano wa kitaalamu uliofanyika Lysebu, Oslo. Smalltalk, C++, Java, zote zimechota kwenye kisima hicho. Mwaka 2001 wawili hao walipewa Tuzo ya Turing, na mwaka uliofuata wote wakafariki.

Nalisimulia hili kwa sababu vijana wetu hufundishwa mambo haya kana kwamba yalishuka kutoka chumba chenye kiyoyozi. Hapana. Yalitoka kwa mtu aliyetazama kazi ya watu wengine kwa makini.

Chukua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mwandishi wa programu aliyeko ofisini ataandika klasi ya samaki na kuipa uzito kwa kilo, halafu sangara, sato na dagaa wairithi. Ukitazama karatasi, imependeza. Aende Mwaloni akaone dagaa wakavu wanavyouzwa kwa gunia, aone bei inavyobadilika kwa namna walivyoanikwa, kama ni juu ya mchanga au juu ya kichanja. Dagaa wake hawatakaa ndani ya klasi ile hata awalazimishe. Mchuuzi mwanamke aliyekaa pale tangu alfajiri angemweleza kosa hilo kwa dakika tano, kama angeulizwa.

Kuna jambo jingine, na hili linanigusa. Katika mtindo huu wa objekti kila kitu hulinda hesabu zake chenyewe. Mtu wa nje hawezi kuingia akabadili namba. Sharti apite mlango mmoja, na mlangoni hapo kuna swali: nafasi ipo? Kwingineko walimu hulifundisha hili kwa mfano wa akaunti ya benki. Sisi wa ziwani tuna mfano mzito kuliko huo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Sidai kwamba programu ingewaokoa. Kompyuta haina mkono wa kumshika abiria aliyekwisha kukanyaga sitaha. Lakini nataka kijana anayeandika mstari ule mmoja, wa kukataa abiria anayezidi uwezo, ajue anaandika nini. Asiuruke kwa kuwa majaribio yamechelewa.

Nygaard alielewa kwamba nyuma ya programu kuna watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway ili mafundi wawe na kauli juu ya kompyuta zilizokuwa zikiingia viwandani mwao. Mawazo ya aina hiyo yalikua Oslo, na kutoka chuo kikuu cha huko ikaja DHIS2, programu iliyoandikwa kwa Java, ambayo leo inapokea takwimu za MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, kutoka zahanati zetu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kubwa. Basi muuguzi wa Ukerewe anapojaza daftari lake jioni, anailisha programu ya ukoo wa Simula. Yeye ndiye anayejua ni safu ipi ya daftari haijazwi, na kwa nini.

Kwa hiyo, ndugu waandaaji, mkija, viti vya mbele msivijaze wenye shahada pekee. Mwiteni mkata tiketi wa kivuko. Mwiteni mchuuzi wa Mwaloni, na muuguzi yule avuke kutoka Ukerewe. Walipeni nauli na posho sawasawa na wataalamu wengine, maana siku hiyo watakuwa wameacha riziki. Mkutano uendeshwe kwa Kiswahili. Na siku ya kwanza asubuhi, kabla projekta haijawashwa, wao ndio waanze kusema.