SERIKALI NI MNUNUZI: KIKUNDI KIJUE HESABU

(Mazungumzo na vikundi vya wahitimu wa Kisomo, Shinyanga na Geita)

 

Leo tunazungumza juu ya mnunuzi mkubwa. Mnunuzi huyu haonekani mnadani, lakini kila mwaka ananunua maharage, mchele, madawati, mchanga na kokoto. Tena analipa watu wa kufagia, kupika, kufyeka kando ya barabara na kuchimba mitaro ya mabomba ya maji. Mnunuzi huyu ni serikali. Kazi zake tunaziita tenda. Ofisini wanaziita zabuni.

Wengi wetu husema, "Tenda ni za matajiri wa mjini." Je, sheria inasema hivyo? Haisemi hivyo.

Ipo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Ilianza kutumika mwaka 2024. Sheria hii inataka ofisi za serikali zitenge asilimia 30 ya fedha za ununuzi za mwaka kwa ajili ya makundi maalumu. Makundi hayo ni wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Maana yake, katika kila shilingi 100 za kununulia, shilingi 30 ziende kwa watu kama sisi.

Kazi zenyewe ziko karibu. Halmashauri inajenga madarasa na zahanati. TARURA inatunza barabara za vijijini. RUWASA inaleta maji. Shule za bweni zinahitaji chakula. Huku kwetu kwenye dhahabu kuna jambo la ziada. Sheria ya Madini ilirekebishwa mwaka 2017. Tangu hapo, mgodi unatakiwa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa kuwasaidia wananchi. Miradi hiyo nayo hutaka mchanga, mawe, mafundi na vibarua.

Mnakumbuka fedha za UVIKO za mwaka 2021? Madarasa 15,000 yalijengwa nchi nzima. Kila darasa lilitaka matofali, maji na mikono ya watu. Kikundi kilichokuwa tayari kingeweza kupata kazi. Kikundi ambacho hakikuwa tayari kilibaki kutazama malori yakipita.

Basi tujitayarishe namna gani?

Kwanza, kikundi kiandikishwe. Mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au wa halmashauri. Muwe na katiba, orodha ya wanachama, akaunti ya benki na namba ya mlipakodi, yaani TIN. Namba hiyo hutolewa na TRA bila malipo. Mtu akidai fedha ili awape TIN, mkataeni.

Pili, mjiandikishe katika mfumo wa NeST. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali hupitia humo. Mfumo huu hutumia intaneti, lakini msiogope. Afisa wa halmashauri atawaeleza namna ya kujiandikisha kama kundi maalumu. Mwanakikundi mmoja anayeweza kutumia simu au kompyuta ajifunze, na wa pili ajifunze pia. Neno la siri la kikundi lisikae kwa mtu wa nje.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tupige hesabu kabla ya kuandika bei. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu. Shule inataka kilo 1,000 za maharage.

Kununua maharage: 2,000,000
Magunia: 15,000
Kuchagua na kupepeta: 40,000
Kupakia na kushusha: 25,000
Gari: 120,000
Jumla: 2,200,000

Kikundi kinaandika bei ya shilingi 2,300 kwa kilo. Jumla ni 2,300,000. Wanachama wanashangilia faida ya 100,000. Ngoja kwanza! Serikali inaponunua bidhaa hukata asilimia 2 ya kodi. Hiyo ni 46,000. Makato hayo yatahesabiwa katika kodi yenu ya mapato, lakini siku ya malipo hayamo mkononi. Mnapokea 2,254,000. Kilichobaki ni 54,000.

Haya, na ule mtaji wa 2,200,000 ulitoka wapi? Kama ulikopwa kwa mtu kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ya mwezi mmoja ni 220,000. Malipo yakichelewa mwezi mmoja tu, mmepata hasara ya 166,000. Yakichelewa miezi mitatu, mtauza mbuzi.

Mnaona? Kazi ilikuwa halali, maharage yalikuwa mazuri, na bado nyumba inaingia deni. Kwenye duara mchimbaji hajui kama mwamba una dhahabu mpaka aufikie. Lakini tenda inajulikana mapema, kwa kalamu na daftari. Anayeingia bila hesabu ameifanya tenda kuwa duara.

Mtaji wa afadhali upo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ulizeni. Na muanze na kazi ndogo, hasa kazi za mikono zisizotaka kununua vitu vingi.

Nne, tusikodishe jina la kikundi. Huja mtu mwenye fedha, anasema, "Nyinyi wekeni sahihi tu, kazi nitafanya mimi, nitawapa kidogo." Kazi ikiharibika, mkataba una jina la nani? Ni lenu. Yeye ameondoka na faida, nanyi mmebaki na kesi. Tena ile asilimia 30 imerudi kwa tajiri kwa mlango wa nyuma. Akija mtu wa ofisi kudai chochote ili mpewe kazi, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Ndugu, tulijifunza kusoma ili tusisomewe na wengine. Mkataba usomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote kabla ya kutia sahihi. Usipoeleweka, usitiwe sahihi siku hiyo.

Katika mkutano wenu ujao fanyeni mambo matatu. Tazameni kama majina katika katiba ni ya wanachama walio hai na wanaofanya kazi. Chagueni wawili wa kwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Kisha chukueni kazi moja mnayoiweza, mwandike gharama zake zote kama tulivyofanya hapa, mpaka nauli na chai ya wapakiaji.