Kidole cha Mtoto Si Tiketi

(Maneno haya niliyasema mbele ya Waafrika Mashariki wenzangu hapa Doha. Baadhi yao waliniomba niyaandike ili na walioko nyumbani wayasome. Nimepunguza salamu tu.)



Mimi ni muuguzi. Si mwanasiasa wala mwanasheria. Lakini leo nitasema jambo la siasa, maana limenifika mlangoni kwangu kupitia kidole cha binti yangu.

Mwaka 2023 tulichukua likizo, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, tukaenda nchi nyingine, si hapa Qatar. Watoto walikuwa wameahidiwa bustani ya michezo. Jina la mahali naliacha. Tukafika langoni, jua kali, foleni ndefu nyuma yetu. Kijana wa mlangoni akapokea tiketi, akamwambia binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, "Weka kidole hapa." Kabla sijafungua mdomo, ameshaweka. Mashine ikakataa. Yule kijana akamfuta kidole kwa tishu, akakibonyeza tena. Mara ya tatu taa ya kijani ikawaka na mtoto akapiga makofi. Nami nikapita. Sikuuliza kitu. Nawaambia ukweli wangu: niliona haya kuwachelewesha watu.

Wiki mbili baadaye tuko dukani hapa Doha. Binti yangu akaona mashine ya kulipia kwa kadi, akaweka kidole juu yake bila kuambiwa na mtu. Hapo ndipo nilipoingiwa na fadhaa.

Ndugu zangu, nikitaka kumtoboa mtoto kidole nipate tone moja la damu, ni lazima nimweleze mzazi kipimo ni cha nini na nisubiri akubali. Kijana wa langoni alichukua kitu kinachodumu kuliko tone la damu, na hakumuuliza yeyote. Mistari ya kidole hukamilika mtoto akiwa bado tumboni, na umbo lake halibadiliki mpaka kufa. Kidole kinakua, mistari inatanuka, lakini mchoro ni uleule. Ndiyo maana mashine ilisumbuka: ngozi ya mtoto mdogo ni laini na mistari imebanana.

Nikaanza kusoma. Walt Disney World ya Florida ilianza kupima vidole vya wageni miaka ya 1990, wakianza na wenye tiketi za msimu. Kwa muda mrefu watoto wa chini ya miaka 10 waliachwa. Mwaka 2016 wakateremka hadi miaka mitatu. Sababu yenyewe ni kuzuia watu kuazimana au kuuziana tiketi. Hebu tuwe wakweli hapo: mashine hiyo inalinda tiketi. Haikuwekwa kumtafuta mtoto aliyepotea.

Ili nisiwaonee, niseme na utetezi wao. Wanasema hawahifadhi picha ya kidole. Mashine inaigeuza picha kuwa namba na kuitupa picha hapohapo. Tena mzazi asiyeridhika anaruhusiwa kuweka kidole chake yeye badala ya cha mtoto. Ni ruhusa nzuri. Lakini nani anaijua akiwa kwenye foleni? Haki usiyoambiwa ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini.

Kuna mama mmoja huko Illinois, jirani na Chicago, ambaye hakuona haya kama mimi. Mwaka 2014 mwanawe wa miaka 14 alikwenda na wenzake wa shule kwenye bustani ya Six Flags, akachukuliwa alama ya dole gumba kwa ajili ya tiketi ya msimu. Aliporudi, mama akauliza karatasi ziko wapi. Hakuna karatasi, siku hizi ni kidole tu. Mama akaenda mahakamani. Illinois ina sheria tangu mwaka 2008 kwamba huchukui alama ya mwili wa mtu kabla ya kumweleza kwa maandishi ni ya nini na itakaa muda gani, naye akubali kwa maandishi. Kampuni ikajitetea kwamba mtoto hakupata hasara yoyote. Januari 2019 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo ikasema si lazima mtu asubiri hasara, kunyimwa haki ya kuulizwa kunatosha kushtaki. Mwaka 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 36 kumaliza kesi.

Wengine mtaniambia, "Dada, huna la kuficha, unaogopa nini?" Nitajibu. Mwaka 2015 serikali ya Marekani, pamoja na nguvu zake zote, ilikiri kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 zimeibwa katika kumbukumbu za wafanyakazi wake. Neno la siri likiibwa unalibadilisha. Kidole je? Binti yangu, Mungu akimjalia, atakitumia kidole hicho miaka 70 ijayo.

Sisi Wakenya jambo hili tunalijua kabla ya kompyuta. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole na kupewa kipande, akakitembeza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa mwaka 1922, na watu waliokuja kumdai Nairobi wakapigwa risasi. Sisemi bustani ya michezo ni kipande. Nasema hata mkoloni alianzia miaka 16.

Serikali yetu wenyewe ilipokuja na Huduma Namba mwaka 2019, ilianzia miaka sita. Wanubi na watetezi wa haki za binadamu wakaenda mahakamani. Januari 30, 2020, majaji watatu wakaamua kwamba kazi isiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili, na wakasema wazi kuwa ulinzi wa kisheria wa alama za miili ya watoto hautoshi. Hukumu hiyo ingefaa kusomwa katika kila mkutano wa wazazi.

Sheria sasa zipo. Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi na maslahi ya mtoto kwanza, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kutangaza picha za watoto bila idhini. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Qatar ina sheria namba 13 ya mwaka 2016, inayoziweka taarifa za watoto katika fungu la taarifa nyeti. Tatizo ni sisi. Tunapita.

Na malango yanazidi. Abu Dhabi, saa moja tu kwa ndege kutoka hapa, katika bustani za Yas Island uso wa mgeni unaweza kuwa tiketi yake. Mei 2025 Disney nao walitangaza kujenga hapohapo Yas. Watoto wetu watataka kwenda, na tutawapeleka. Siwaambii tuwafungie ndani.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla ya kununua tiketi, uliza: mnachukua nini kwa mtoto, mnakiweka muda gani, na kuna njia nyingine ipi? Ikiruhusiwa, weka kidole chako. Na ninyi mlioko nyumbani, mbunge akija kuomba kura, muulizeni taarifa za mtoto wenu anazishika nani.

Sisi watu wazima tuliopo hapa tulitoa vidole vyetu ili tupate kibali cha kuishi. Tulijua tunatoa nini na tunapata nini. Mtoto wa miaka sita hajui. Kwa hiyo nyumbani kwangu tumeweka kanuni: akiambiwa weka kidole, anamtazama mama kwanza. Juzi kliniki nilimwona akirudisha mkono nyuma na kumuuliza muuguzi mwenzangu, "Cha nini?" Mwenzangu alicheka, kisha akamweleza.

Foleni nayo ilisubiri. Haikufa.