Anayetafuta Mtoto Aulizwe Kwanza: Nafasi ya Matakwa ya Mgonjwa katika Matibabu ya Ugumba, Kisaka, Serengeti

Mada kwa semina ya watoa huduma za afya, wazee wa mila na viongozi wa dini

1. Utangulizi



Mama akifika zahanati na kusema "sipati mtoto", tunaandika umri wake, tarehe ya hedhi ya mwisho na mimba zilizoharibika. Swali moja hatuliandiki: mtoto huyu anatafutwa kwa ajili ya nini, na ni nani anayemtaka? Hoja yangu ni kwamba tusipolijua jibu, hata vipimo sahihi vinaweza kumpeleka mama asikotaka kwenda.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ni ugumba pale mimba isipopatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Mwaka 2023 lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 hupitia hali hiyo maishani. Huku kwetu Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kilio ni kipana zaidi. Yupo ambaye hajazaa kabisa. Yupo aliyezaa mara moja akakwama. Yupo pia aliyejaaliwa mabinti watupu, na ukoo bado unamwona hana kitu. Huyu wa tatu haumwi. Anahitaji mtu wa kuwaambia ndugu zake kwamba jinsi ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba.

2. Somo la nyumba ntobhu

Wakuria wa huku walilijibu tatizo hili kabla ya hospitali kuwepo. Katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke mdogo. Huyu huzaa na mwanaume aliyekubaliwa, na watoto huhesabiwa wa nyumba ya mama aliyetoa mahari.

Mila hii inatufundisha jambo ambalo daftari la mgonjwa halisemi. Mama anayelilia mtoto anaweza kuwa analilia mrithi wa boma, mtu wa kumtunza uzeeni, au heshima mbele ya wakwe. Mwingine anatamani kubeba mimba yeye mwenyewe, na mtoto wa mwingine hatamtuliza. Hawa wawili wanakaa benchi moja la kliniki, lakini njia zao si moja. Wa kwanza huenda akatosheka na kulea mtoto wa ndugu. Wa pili anataka kujua kama mirija yake imeziba.

3. Kuheshimu matakwa kwa vitendo

*Faragha.* Mke asikilizwe peke yake kabla ya kuulizwa mbele ya mume au mama mkwe. Aulizwe pia nani apewe majibu.

*Mume apimwe.* Mara nyingi sababu iko kwa mwanaume, au kwa wote wawili, ila lawama humwangukia mke. Hata hivyo, mwanaume naye ana haya na imani yake kuhusu namna ya kutoa mbegu. Aelezwe taratibu, apewe nafasi ya kuuliza na chumba chenye mlango unaofungwa. Mbegu hutakiwa kupimwa ndani ya saa moja baada ya kutolewa, kwa hiyo anayeishi mbali na maabara hawezi kuzitoa nyumbani.

*Imani.* Mwaka 1987 Vatikani, katika waraka wa Donum Vitae, ilikataa utungishaji wa mimba maabarani hata kwa wanandoa. Wanazuoni wengi wa Kisunni wanauruhusu kwa mume na mke, bila mbegu wala yai la mtu wa tatu. Muumini ajue kinachofanyika kabla hajauza ng'ombe kwa safari ya Mwanza au Dar es Salaam.

*Lugha.* Neno "tasa" lisitoke kinywani mwa mtoa huduma. Ndugu zake wameshamwita hivyo vya kutosha.

*Ruhusa ya kusimama.* Mgonjwa akisema "sasa basi", tusimwandike kuwa mtoro wa kliniki. Kuacha matibabu nako ni uamuzi.

4. Mipaka

Matakwa ninayoyatetea ni ya mgonjwa mwenyewe. Katika nyumba ntobhu wapo wanawake wawili, na yule mdogo ndiye anayebeba mimba. Yeye aulizwe kama ameridhia, amemchagua mwanaume wa kuzaa naye, na kama wote wawili wamepima virusi vya UKIMWI na magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia zisipotibiwa huweza kuziba mirija, nasi tutakuwa tumetibu ugumba wa mmoja kwa kumpa mwingine.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Binti wa umri huo aliyeolewa kwa ng'ombe wa wazee hajachagua, na mtoa huduma anapaswa kumlinda. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya mwanaume na mwanamke tu. Hivyo yule mwanamke mdogo wa nyumba ntobhu, nyumba hiyo ikivunjika, anabaki mikononi mwa mila peke yake.

5. Mapendekezo

Kwanza, katika daftari la kila anayetafuta mtoto tuongeze mistari mitatu: anachokitaka, asichokubali, na nani ashirikishwe. Pili, kila zahanati itenge siku na chumba cha mazungumzo ya faragha. Tatu, wazee wa mila na viongozi wa dini wafundishwe sababu za ugumba, ili lawama ziwatoke wanawake.

Mistari hiyo mitatu haihitaji mashine wala bajeti. Ndugu zangu wauguzi, mama atakayekuja kesho kulilia mtoto, kabla hamjashika sindano, shikeni kalamu mumuulize.